Mabaraza ya Madini na Njia ya Ifakara

Msafiri atokaye Mikumi akashika njia ya Kidatu, akayaacha nyuma mashamba ya miwa na kuufuata mguu wa milima ya Udzungwa iliyosimama mkono wake wa kuume, hufika Ifakara, mji wa mpunga na wa samaki wa mtoni, ambao Viwanja Sitini ni mojawapo ya kata zake. Na akitaka kuendelea mbele hana budi kuuvuka mto Kilombero ndipo aanze kupanda kuelekea Mahenge. Zamani mvuko huo ulikuwa wa kivuko, na wenyeji wa ng'ambo zote mbili wanajua ni roho ngapi zilizowekwa rehani majini nyakati za masika. Tangu Mei 2018 lipo daraja la meta 384, nalo limepewa jina la Rais John Magufuli aliyelifungua. Ama reli, hiyo ililitangulia daraja kwa miaka zaidi ya arobaini, kwani garimoshi la TAZARA lilianza kupita Ifakara katika miaka ya sabini, likichukua shaba ya Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam.

Mji huu haukupata sifa yake kwa machimbo. Sifa yake ni wali, na hospitali ya Mtakatifu Francis, na taasisi ya utafiti wa maradhi ambayo imeyachunguza mambo ya malaria kwa miongo mingi. Walakini Ifakara ni mlango, na kila kito cha rubi au spineli kilichochimbwa katika milima ya Mahenge, tangu mawe hayo yalipoanza kujulikana na wafanyabiashara wa dunia, kilitelemka na kuuvuka mto huu kabla ya kufika mbali. Mwaka 2007 huko Epanko, karibu na Mahenge, yalipatikana mapande ya spineli nyekundu ambayo kubwa lake lilipita kilo 50, hata wanunuzi wa vito wa Bangkok wakalijua jina la mlima ambao watu wengi wa Dar es Salaam hawajauona. Na sasa yanangojewa madini mengine, meusi na mepesi, nayo ni kinywe. Kwa ajili ya hayo yajayo ndiyo maana nimeona vema kuisimulia historia ya mabaraza ya madini: ni nani walioyaita, ni nani walioketi, ni elimu gani iliyotolewa humo, na elimu hiyo ilifika wapi baada ya wajumbe kuagana.

Historia hiyo huanza mbali na kwetu, katika kijiji chenye chemchemi za maji moto kilichoitwa Glashütte, jirani na mji wa machimbo wa Schemnitz, ambao siku zile ulikuwa katika ufalme wa Hungaria na leo umo Slovakia. Mwaka 1786 mwanachuoni mmoja wa elimu ya madini, Ignaz von Born, aliwaalika wataalamu wa nchi mbalimbali za Ulaya waje kuona kwa macho yao namna ya kuitoa fedha katika mawe kwa zebaki: mawe husagwa, yakaokwa pamoja na chumvi, kisha unga wake ukatiwa katika masufuria ya shaba pamoja na maji na zebaki, ukapashwa moto na kukorogwa mpaka zebaki iinase fedha yote. Kwa zama zile lilikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa dola za Ulaya zilizihesabu siri za machimbo kuwa miongoni mwa siri za ufalme, na mtu aliyezitoa nje aliweza kuhasirika. Hapa palikuwa na waziri wa huyu na mhandisi wa yule wamesimama kwenye jiko moja, wakiuliza na kujibiwa. Kabla hawajatawanyika waliunda chama cha elimu ya uchimbaji, chenye wanachama wa mataifa mengi, ambacho kilipiga chapa majalada mawili ya maarifa yake mwaka 1789 na 1790, kisha kikadhoofika alipofariki von Born mwaka 1791.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, wakakisifu kisa hicho kuwa asili ya mikutano yote ya madini, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini elimu ile haikuzaliwa Glashütte. Miaka zaidi ya mia mbili kabla yake, katika miaka ya 1550, Bartolomé de Medina alikuwa amekwisha kuifanyia kazi zebaki huko Pachuca, katika nchi ambayo leo ni Meksiko. Na padri aliyeishi karibu na mlima wa fedha wa Potosí, Álvaro Alonso Barba, alikuwa amekwisha kueleza katika kitabu kilichopigwa chapa Madrid mwaka 1640 jinsi ya kuchemsha mawe na zebaki katika vyombo vya shaba. Maana yake ni kwamba jambo waliloendea wakubwa wa Ulaya kulistaajabia lilikuwa limetoka katika ua wa wachenjuaji wa Amerika, ambako miguu iliyokanyaga tope la zebaki ilikuwa ya wenyeji wa Andes na ya Meksiko, watu ambao hapana aliyewaalika.

Na kisa chenyewe kina mwisho wenye mafunzo zaidi kuliko mwanzo wake. Serikali ya Hispania, ilipoona sifa za namna mpya, ilituma wataalamu waipeleke katika makoloni yake ya Amerika, wengine Peru na wengine Meksiko, waende wakawafundishe wachimbaji. Mmoja wao, Friedrich Sonneschmidt, alijaribu kwa miaka kadhaa kuiingiza namna ya von Born katika machimbo ya Meksiko, ambako kuni zilikuwa adimu na vyombo vya shaba ghali. Naye baada ya taabu nyingi akakubali kwamba namna ya wenyeji, ya kutandaza tope uani na kulikanyaga juani, ndiyo iliyofaa nchi ile kupita ile aliyokuja nayo. Basi elimu ilivuka bahari ikaenda Ulaya, ikavikwa joho, ikarudishwa kwa wenyewe, na wenyewe wakaionyesha kuwa ilikuwa imepungua njiani. Sijui kisa kingine kinachoonyesha wazi kuliko hiki ni hasara gani huingia barazani wanapokosekana wenye kazi.

Karne iliyofuata ilikuwa ya makampuni na vyuo, nami sitakawia humo. Afrika ilipopata zamu yake ya kuwa mwenyeji ilikuwa mwaka 1929, pale kongamano la 15 la wanajiolojia wa ulimwengu lilipokaa Pretoria. Wakati huo Tanganyika ilikuwa na idara yake ya jiolojia, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuwekwa Dodoma. Dhahabu ya Lupa ilikuwa imegunduliwa tangu 1922, na watu kwa maelfu walikuwa wakitoka vijijini kwao kwenda Chunya kubeba mchanga na kuusafisha mtoni. Pretoria ilikuwa majilisi ya wanachuoni, maofisa na wakuu wa makampuni, wakizungumzia umri wa miamba, mikondo ya dhahabu ya Witwatersrand na asili ya almasi. Hali ya mtu aliyeshuka shimoni haikuwa mas'ala ya elimu yao. Tunastahili kuwashukuru kwa ramani walizotuachia, kwa maana nyingine hutumika hata leo, ila ni kweli vilevile kwamba katika ramani hizo nchi imechorwa na watu hawakuchorwa.

Uhuru ulipokuja, mabaraza yalibadilika sura. Tarehe 14 Desemba 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambalo Tanganyika ilikuwa imejiunga nalo mwaka mmoja nyuma, lilipitisha azimio namba 1803 la kwamba kila taifa lina enzi ya kudumu juu ya mali ya asili iliyo katika nchi yake. Azimio hilo liliwapa wenye madini hoja, nao wakaanza kutafuta namna ya kuifanya hoja kuwa fedha. Juni 1967 nchi nne zilizokuwa zikiuza shaba nyingi, nazo ni Zambia, Chile, Peru na Kongo, zilikutana Lusaka na kukubaliana kuunda umoja wao, ambao ulikuja kuitwa CIPEC. Muradi wao ulikuwa mzuri: kwa nini bei ya shaba ipangwe London, katika soko la watu wasiochimba hata ratili moja?

Ni katika mwaka huohuo ndipo historia ya mabaraza ilipogusa bonde la Kilombero. Zambia ilikuwa katika dhiki, kwa sababu walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia utawala wao Novemba 1965 na njia ya shaba ya kusini ikawa mashakani. Hivyo Septemba 1967 wajumbe wa Tanzania na Zambia walitia sahihi mjini Beijing mapatano ya kujengewa reli kwa mkopo wa China usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976, baada ya kupenya katika mabonde na misitu ya nchi hii, kupitia Mang'ula, Ifakara na Mlimba, kabla ya kuyapanda makorongo kuelekea Makambako. Vijana wengi wa bonde hili walipata hapo ujira wao wa kwanza wa fedha taslimu, na kazi ile imebaki katika mazungumzo ya wazee.

Basi shaba ikapita Ifakara, ila bei yake haikuwa katika behewa. Baada ya kupanda sana mapema mwaka 1974, bei iliporomoka. Wanachama wa CIPEC walikutana na kukubaliana kupunguza mauzo kwa asilimia 10, kisha kwa asilimia 15, na bei isiitike. Wanunuzi walikuwa na akiba ghalani, wauzaji walio nje ya umoja walijaza pengo, na hata ndani ya umoja wenyewe kila nchi ilikuwa na deni lake la kulipa na haja yake ya kuuza, hasa Chile, ambayo baada ya mapinduzi ya 1973 ilishika njia yake yenyewe. Umoja ulivunjwa mwaka 1988. Wapo wanaokicheka kisa hiki kuwa ndoto za wanasiasa. Mimi siwacheki, kwa kuwa watu wa Lusaka waliona sawasawa kwamba mwenye mali asiyeijua bei yake ni kibarua katika shamba lake mwenyewe. Upungufu wao ulikuwa kudhani kwamba kukubaliana kwa mawaziri kunatosha, ilhali uwezo wa kungoja, yaani viwanda, maghala na akiba ya fedha, haukuwapo.

Miaka ya themanini na tisini ilileta mikutano ya namna nyingine. Nchi zilikuwa zimechoka na madeni, na mgeni mwenye mtaji akawa ndiye mgeni wa heshima. Tangu 1994 wakubwa wa Afrika wamekuwa wakienda kila mwaka Cape Town katika mkutano wa uwekezaji wa madini uitwao Indaba, kunadi miamba yao mbele ya wenye mabenki. Tanzania ilitunga sera yake ya madini mwaka 1997 na sheria yake mwaka 1998, zikavuta makampuni makubwa ya dhahabu. Na mwaka 1996, kabla ya sheria hiyo, wachimbaji wadogo walikuwa wamekwisha kuondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa, jambo ambalo jeraha lake lilichukua miaka mingi kuzungumzwa. Hata hivyo katika muongo huohuo mkondo mwingine ulikuwa ukichimbuka kimyakimya. Mwaka 1993 Umoja wa Mataifa uliitisha semina Harare juu ya uchimbaji mdogo, na hapo ikatolewa miongozo iliyosema kwamba mchimbaji mdogo asichukuliwe kuwa mhalifu wa kufukuzwa, bali mfanyakazi wa kusajiliwa na kusaidiwa. Februari 2009 wakuu wa nchi za Afrika, wakiwa Addis Ababa, waliidhinisha Dira ya Madini ya Afrika, ambayo iliwaingiza wachimbaji wadogo katika hesabu ya maendeleo. Na Septemba 2018, huko Livingstone, palipo na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, walikutana wajumbe wa nchi zipatazo 70, na miongoni mwao wachimbaji wenyewe, wakatoa azimio lenye jina la maporomoko yale. Kutoka Glashütte hadi Livingstone ni miaka 232. Imechukua muda huo wote mtu wa shimoni kupewa kiti.

Miezi minne baadaye zamu ilikuwa ya Dar es Salaam, nami naomba wasaa wa kukaa hapa kidogo.

Hali ya nchi mwanzoni mwa Januari 2019 ilikuwa hivi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yalikuwa yamekwisha kuunda Tume ya Madini na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Ukuta wa kilomita 24.5 ulikuwa umezungushwa Mirerani na kufunguliwa Aprili 2018 ili kuzuia tanzanaiti isitoroke. Walakini dhahabu haizungushiwi ukuta. Kule Mwanza, katika siku za kwanza za mwaka huo, zilikamatwa zaidi ya kilo 300 za dhahabu iliyokuwa ikisafirishwa kinyume cha sheria, na askari kadhaa wa polisi wakawa miongoni mwa waliotuhumiwa. Kila mtu alijua kwamba hizo ni zile zilizoonekana.

Tarehe 22 Januari, katika ukumbi wa mikutano wa kimataifa wa Julius Nyerere, Rais Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa madini kutoka kila pembe ya nchi. Walikuwamo wenye leseni ndogo, wenye maduara, madalali, wenye makarasha, wauza vito wa Arusha na Mahenge, pamoja na mawaziri na maofisa wa kodi. Na jambo lililoupambanua mkutano huo na mingi iliyoutangulia ni kwamba wale wa chini walipewa kipaza sauti kwanza. Wakasimama mmoja baada ya mwingine wakaeleza hesabu. Mtu aliyetaka kuuza dhahabu yake kwa halali alikutana na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 5, mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na ushuru wa huduma wa halmashauri wa asilimia 0.3, ukizijumlisha kwa hesabu ya juujuu zinapita asilimia 30 ya thamani, nazo hukatwa katika pato ghafi, bila kuuliza ni miezi mingapi mtu huyo alichimba akatoa kifusi kitupu, wala ni deni gani alilokula la dizeli na la chakula cha vijana wake. Aliyekwenda kwa mlanguzi usiku hakukatwa hata senti, akalipwa papo hapo. Hivyo utoroshaji, ambao kwa miaka mingi ulihubiriwa kuwa upungufu wa uzalendo, ulionekana hapo kuwa ni hesabu.

Naamini kuwa hilo ndilo somo kubwa lililopata kutolewa katika baraza la madini la nchi yetu, na ni muhimu kuona kwamba halikutoka kwa mtaalamu wa kigeni wala katika kitabu. Maofisa walikuwa na takwimu za dhahabu iliyoandikwa. Wachimbaji walikuwa na habari za dhahabu isiyoandikwa, na kwa habari hizo hapakuwa na chuo isipokuwa wao. Ilihitaji ukumbi mmoja ili habari hizo mbili zikutane.

Na lililofuata lilikwenda kwa haraka ambayo si desturi ya serikali nyingi. Februari 2019 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyowaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, mrabaha na ada ya ukaguzi vikabaki. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua soko la madini la Geita, la kwanza nchini, ambamo muuzaji, mnunuzi, mpimaji wa Serikali na benki wamo chini ya paa moja. Na baada yake yakafuata masoko mengine na vituo vya ununuzi katika mikoa mingi. Mchimbaji aliyekuwa akikubali bei ya dalali akiwa gizani sasa aliweza kusoma bei ya dunia ukutani kabla hajafungua kikaratasi chake. Serikali imetaja mara nyingi kwamba mchango wa wachimbaji wadogo katika makusanyo ya madini, uliokuwa mdogo wa kupuuzwa, ulipanda katika miaka michache iliyofuata hadi karibu asilimia 40. Na sekta nzima ilifikia asilimia 10.1 ya pato la taifa mwaka 2024.

Insafu inataka tuseme kwamba mkutano haukuyafanya hayo yote peke yake. Bei ya dhahabu ilipanda sana katika mwaka 2019, na Agosti 2020 ikapita dola 2,000 kwa wakia, na bei nzuri humvuta kila mtu sokoni. Lakini bei iliwahi kupanda hata kabla, hasa kati ya 2008 na 2011, na faida yake ikapitia mipakani. Tofauti ilikuwa ni kwamba safari hii mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Lipo somo jingine ambalo bado halijakamilika, na ndilo linaloturudisha kwenye masufuria ya von Born. Zebaki iliyosifiwa mwaka 1786 ndiyo hiyo inayotumika leo Chunya, Geita na Handeni: mtu huikoroga katika karai pamoja na mchanga uliosagwa, ikainasa dhahabu, kisha huichoma motoni ili zebaki ipae na dhahabu ibaki, na anayeipumua ni yeye, na mkewe, na mtoto aliye mgongoni, kwa kuwa aghalabu kazi hiyo hufanyika uani kwa jiko la mkaa. Dunia ilipata kuyajua madhara yake kwa msiba wa Minamata, mji wa Japani ambao wavuvi wake na watoto wao walianza kutambuliwa mwaka 1956 kuwa wamedhurika mishipa ya fahamu kwa samaki walioingiwa na zebaki ya kiwandani. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 ilikadiria kuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio uliokuwa ukitoa asilimia 37 ya zebaki yote inayotupwa hewani na kazi za wanadamu. Na Oktoba ya mwaka huo, huko Kumamoto, mataifa yalitia sahihi mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika Agosti 2017, na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkutano wa kwanza ulieneza zebaki. Iliwapasa watu kungoja miaka 227 ndipo mkutano mwingine ukatoe amri ya kuipunguza. Na amri hiyo ingali njiani kumfikia mwenye karai, kwa sababu haitoshi kumwambia aache. Ni lazima apewe cha kushika badala yake, naye aulizwe kama kinamfaa, la sivyo tutakuwa akina Sonneschmidt wa zama hizi.

Sasa nirejee Mahenge. Kinywe ndicho kiini cha kalamu ya risasi tuliyoandikia shuleni, lakini kinachokifanya kitafutwe leo ni betri za magari ya umeme, na milima ya Ulanga ina hazina ya kinywe inayohesabiwa miongoni mwa kubwa duniani. Desemba 2021 Serikali ilitia sahihi mapatano na kampuni ya Black Rock Mining ya Australia, na ikaundwa kampuni ya Faru Graphite ambamo Serikali ina asilimia 16. Na tarehe 17 Aprili 2023, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, yakatiwa sahihi mapatano mengine, yakiwamo ya kampuni ya EcoGraf juu ya kinywe cha Epanko. Mpango uliotangazwa wa Faru ni kwamba mzigo utelemshwe kwa magari kutoka Mahenge, uvuke daraja, upakiwe katika mabehewa ya TAZARA hapa Ifakara, na umeme wa mgodi uvutwe kutoka kituo cha Ifakara. Hivyo mji uliopitiwa na shaba ya watu kwa nusu karne utapitiwa na kinywe cha jirani zake.

Mafunzo yote niliyoyasimulia yanawahusu watu wa bonde hili. La CIPEC linawahusu, kwa kuwa kinywe nacho kina mtu anayeweza kuamua bei: China ndiyo inayochimba na kusafisha sehemu kubwa ya kinywe cha dunia, na tangu tarehe 1 Desemba 2023 imeweka masharti ya kibali kwa mauzo yake ya nje; anayeuza unga mbichi kwa mnunuzi mmoja tu atakumbuka mambo ya 1974. La Dar es Salaam linawahusu, kwa kuwa wapo watu wa Epanko na vijiji vya jirani ambao wametakiwa kuhama makwao na makaburi yao, na hesabu ya mti wa mnazi, ya shamba la mihogo na ya kaburi la babu haimo katika ripoti ya mhandisi mpaka mwenyewe aiseme. La zebaki nalo linawahusu, ingawa kinywe hakihitaji zebaki. Kwani maji ya milima ya Mahenge hutelemkia mto Kilombero, na mto huu, ambao ardhi oevu yake imeorodheshwa katika mkataba wa Ramsar tangu 2002, ndio unaoupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Tope la mabaki ya mgodi likihifadhiwa vibaya juu mlimani, mkulima wa mpunga na mvuvi wa kambare ndio watakaoipokea barua ya kwanza.

Mikutano ya kuzungumzia kinywe inafanyika kila mwaka, Perth, London, Cape Town na Dar es Salaam, na sina neno la kuipinga, kwani mtaji una kwao na wenye mtaji lazima waonane. Nawaomba lakini wenye mamlaka ya mkoa wa Morogoro, Tume ya Madini, halmashauri za Ifakara na Ulanga, pamoja na makampuni yenyewe, waitishe baraza moja hapa Ifakara kabla behewa la kwanza la kinywe halijaondoka: likae kwa Kiswahili, lianze kwa kuwasikiliza watu wa Epanko, wachimba vito wa Mahenge, wakulima wa bondeni na wafanyakazi wa reli, liwaite pia wachimbaji wa Geita waje kueleza soko lao lilivyoanza, na watu wa Bulyanhulu waje kueleza ya 1996, na yatakayokubaliwa yaandikwe, yapigwe muhuri, na nakala zibandikwe katika kila ofisi ya kijiji kutoka Epanko hadi Viwanja Sitini.